Mchawi Niliyemtunga Mwenyewe

Mchawi wangu alikuwa na umri wa miaka mia tisa, hakuwa na kope wala nyusi, na alisafisha vioo vyake kwa kuvilamba. Nilimtunga nikiwa mtaani Kirumba, katika chumba cha kupanga kisicho mbali na soko la samaki la Mwaloni, mwaka wa pili baada ya kumaliza chuo. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa fizikia na sikuwa na shule ya kufundisha. Mchana niliwafundisha watoto wa watu masomo ya ziada. Jioni nilifunga dirisha, nikajifunika blanketi kichwani ili muziki wa mtaani usiingie kwenye simu, nikasoma hadithi yangu kwa sauti nzito, vipande vya dakika kumi kumi, kisha nikavirusha kwenye kundi la wapenzi wa simulizi. Jasho lilinitiririka mpaka kidevuni. Blanketi lilinuka dagaa, maana Kirumba kila kitu kinanuka dagaa, hata nguo uliyofua jana.

Ilikuwa simulizi ya mapanga na uchawi. Msichana mmoja, upanga wa babu yake, kisiwa cha mawe, na yule mzee ndani ya pango lake na vioo saba ukutani. Kimoja kilikunywa kivuli cha mtu. Kimoja kilihifadhi sauti za waliokufa na kuzitoa kama vyura wanavyolia. Lakini kioo cha saba ndicho kilichoniletea wasikilizaji. Mtu akiwa na shida, mzee alimwagiza maji ya ziwa yaliyochotwa alfajiri, kabla chombo chochote hakijapita juu yake. Kioo kikaoshwa kwa maji hayo, mgonjwa akakipumulia, kikashika ukungu. Majina ya jamaa zake yakatajwa moja moja, kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Jina litakalotajwa ukungu ukifutika, huyo ndiye mbaya wako.

Nililipata wazo hilo nikipiga mswaki mbele ya kioo cha plastiki nilichonunua kwa machinga. Nilikipumulia, nikahesabu sekunde, nikaona inatosha. Kuanzia kwa wadogo ilikuwa hila ya mtunzi tu, ili msikilizaji abane pumzi. Na yule mzee hakuwahi kuua mtu kwa mkono wake. Alitoa jina, watu wakamalizia wenyewe. Nililionea fahari sana jambo hilo. Nilijiona nimesema neno zito kuhusu jamii yetu.

"Mtunzi, unatuua!" mmoja aliandika kundini. Mwingine akasema, "Huyo mzee ni baba mkwe wangu mtupu, tofauti ni kope." Sehemu ya kumi na nne, ile ya kioo cha saba, ilisambazwa kuliko zote. Nilifurahi. Sikujiuliza inasambazwa kwenda wapi.

Jumatano moja mchana mama alinipigia. Yeye anaishi nyumbani kwetu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, kwenye kaya ya marehemu babu mzaa baba, pamoja na baba mdogo na mkewe, na shangazi yangu.

"Mwanangu, uko peke yako?"

"Peke yangu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shangazi yako ametajwa."

"Ametajwa na nani?"

"Na kioo."

Nilidhani simu inakata maneno. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni. Mguu wa baba mdogo ulikuwa umezidi. Alichomwa na mwiba wa sangara miezi kadhaa nyuma, kidonda kikakataa kufunga. Zahanati walimwambia ana sukari, akawajibu sukari ni ugonjwa wa matajiri. Sasa mkewe alikuwa amemwita mganga kutoka Usagara, mpya, anayesifiwa sana. Mganga aliagiza maji ya alfajiri, kabla mtumbwi haujapita.

"Akaosha kioo?" nikauliza.

"Akaosha."

"Baba mdogo akakipumulia. Wakataja majina wakianza na watoto," nikamalizia mimi.

"Nani kakwambia?" mama akauliza.

Nilikaa kitandani. Kulikuwa na kipande cha chapati juu ya sahani na nzi wawili juu yake, na nakumbuka niliwaangalia wale nzi muda mrefu bila kuwafukuza.

Shangazi ndiye mkubwa kuliko wote wanaokula kwenye kaya ile, na jina lake ndilo la mwisho kutajwa. Ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alifiwa na mume, akarudi kwao, akajenga vyumba viwili na kuanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Kwa mifupa hiyo nilisoma sekondari. Moshi wa miaka yote hiyo umemfanya macho yawe mekundu, na kwetu hakuna asiyejua maana ya mwanamke mzee mwenye macho mekundu aliyetajwa. Anayekuja kummaliza hatoki kwenye ukoo, wala haji mchana. Baadaye ukoo unalia kwenye mazishi kama watu wengine.

"Jumamosi wanakaa kikao," mama alisema. "Babu yako mdogo anakuja. Unajua wakikaa maana yake nini."

Nilijua. Kikao kikimkubali kuwa ndiye, wangemwambia aondoke, na hana pa kwenda. Au wasingemwambia kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alhamisi nilikwenda Usagara. Nilitarajia banda la nyasi na mafuvu. Nilikuta uwanja uliofagiliwa, bomba la maji, maua kwenye ndoo za rangi, na wanawake watatu wamekaa kwenye benchi kama wanasubiri kliniki. Mganga alikuwa mtu wa makamo, amevaa raba nyeupe zisizo na doa. Nilipomwambia nimetokea Busisi kwa habari ya mguu, alinikaribisha ndani kwa heshima. Ukutani kulikuwa na vioo saba. Vipya. Viwili bado vilikuwa na karatasi ya bei kwenye kona.

"Hivi vioo umevitoa wapi?" nilimuuliza.

"Nimerithi."

"Umerithi na karatasi ya bei?"

Aligeuka akatazama, akaibandua ile karatasi kwa kucha, akaifinyanga na kuitupa nje ya mlango. Hakuona aibu hata kidogo.

Nikamwambia ni mimi niliyetunga. Kundi, kisiwa, mzee asiye na kope. Nilitegemea akane. Badala yake uso wake ulichangamka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Viganja vyake vilikuwa laini na vya moto, vyenye mafuta.

"Ni wewe! Mke wangu njoo, ndiye yule wa sauti! Kijana, sehemu ya kumi na nne nimeisikiliza mara tano. Hivi yule msichana atafika kisiwani kweli?"

"Mzee, ule ni uongo. Nimetunga."

"Najua umetunga. Kwani nani hatungi?"

"Umemtaja shangazi yangu. Watamuua."

Akaniachia mkono. "Mimi sikutaja mtu. Walitaja wao, majina ni ya kwao, pumzi ni ya mgonjwa. Mimi nimeshika kioo tu."

"Utakuja Jumamosi uwaambie hivyo?"

"Nije kufanya nini? Kazi yangu nimemaliza." Mkewe aliingia na chai ya rangi, akanipa kikombe. Mganga akapuliza chake, akanywa, akaniangalia kwa huruma ya mtu mwenye shughuli nyingi. "Wewe unauza hadithi, mimi nauza tiba. Wako wanasikia raha, wangu wanapata nafuu. Haya niambie, ulipata wapi kile kioo cha saba?"

"Kichwani."

"Na kichwani kiliingia kikitokea wapi?"

Nilitoka bila kunywa chai. Kwenye benchi mwanamke mmoja alinisogelea akaniuliza kama foleni ndani inaenda haraka. Nikamwambia arudi nyumbani, mtu huyu ni tapeli. Akanitazama kama nimemtukania mama yake, akarudi kukaa, safari hii karibu zaidi na mlango.

Nilivuka Ijumaa. Nikiwa njiani nilifuta simulizi yote, sehemu ishirini na mbili, nikaandika kundini kwamba nimeacha. Ndani ya muda mfupi mtu asiyenijua aliirusha tena sehemu ya kumi na nne, akasema, "Kwa walioikosa."

Nyumbani harufu ya mguu ilinifikia kabla sijafika mlangoni. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa chenye dawa ya kijani. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Mkewe, mama mdogo, alifungua kitambaa anionyeshe, kwa makini na upendo kabisa, na nzi wakatua, na mimi nikatazama ukutani. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ameamka alfajiri siku nne mfululizo kuchota yale maji.

"Twende hospitali kesho," nilisema. "Nimekuja na nauli."

"Ukikata mti bila kutoa mzizi unachipua," baba mdogo akajibu. "Mzizi tumeshaujua."

Alisema hivyo huku shangazi akipita uani na kuni zake, hatua kumi kutoka tulipokuwa. Hakugeuka. Nilimfuata jikoni kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Mjini hamli?"

"Shangazi, twende ukakae kwangu Kirumba."

"Nikikimbia si nimekubali?" Akapindua panki kwenye mafuta. "Na kwako nitalala wapi, juu ya meza?"

"Kile kioo nilikitunga mimi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akichomeka na kuchomoa kuni. Kisha akauliza swali moja tu. "Kwa nini ulianza na wadogo?"

Nilichukua kuni moja nikaisukuma motoni.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikaa uani. Babu mdogo, ndugu wa babu aliyebaki, alikuja kwa baiskeli ya mjukuu wake na koti la suti juu ya kanzu. Yeye haishi kwenye kaya yetu, hivyo jina lake halikuwamo siku ile ya kioo, na ndiye aliyepewa kiti cha mbele. Baba mdogo alikaa na mguu wake, na jamaa wengine wa ukoo wakamzunguka. Mama alikaa karibu na mlango. Shangazi alikaa kwenye mkeka, nyuma yangu, peke yake.

Niliomba kusema kwanza. Nilieleza kila kitu. Niliwapigia sehemu ya kumi na nne kwenye simu, ile sauti yangu ya kujifanya mzito ikatoka uani mbele ya wazee, na ngozi ilinisisimka kwa aibu. Walisikiliza kwa utulivu mkubwa. Ilipoisha babu mdogo akakohoa.

"Kwa hiyo ni wewe uliyepewa."

"Babu, sikupewa. Nilitunga. Kama mtu anavyotunga uongo."

"Uongo huo ulikujia saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikipiga mswaki."

Akawageukia wengine. "Mnasikia? Asubuhi, kinywa hakijasema na mtu."

"Babu, ni maji tu! Pumzi ina maji, kioo ni cha baridi, maji yanashika, yakikauka yanaondoka." Nilimwomba mama mdogo kioo chake. Akaleta kioo cha fremu ya rangi ya waridi. Nikakipumulia, nikawaonyesha. Ukungu ukaja, ukaondoka. "Mmeona? Umefutika na hakuna jina lililotajwa."

"Wewe si mgonjwa," mama mdogo akasema kwa upole.

Mtu mmoja akacheka kidogo, si kwa kejeli, bali kama unavyomcheka mtoto aliyejaribu kuinua gunia. Miaka mitatu ya chuo ilikuwa imepigwa chini na maneno matatu. Hawakuwa wajinga. Kila nilichosema walikipokea, wakakigeuza kama tofali, wakakiweka mahali pake kwenye ukuta uleule.

"Aliyepewa kitu anaweza kukikataa," babu mdogo aliendelea. "Baba yako naye alikuwa hivyo, mbishi. Lakini kama kioo ni chako, huyo wa Usagara ameazima tu. Kishike wewe, mbele yetu. Tuone."

"Sitaki."

"Asipotaka," baba mdogo akasema, akiutazama mguu wake, "basi cha Usagara kimesimama."

Hakuna aliyemwangalia shangazi. Ndipo nilipoelewa kwamba ukweli wangu ulikuwa umekwisha kutumika na hakuna kilichobaki mfukoni.

Nilisimama. Nikasema, kwa sauti ileile ya chini ya blanketi, kwamba mganga amekosea utaratibu. Nani amewahi kusikia majina yakianza na watoto? Wakubwa hutangulia. Na wakubwa kuliko wote ni waliotangulia. Tuanze na wao, tukishuka, ndipo tuje kwa walio hai.

"Hapo sasa," babu mdogo alisema, akapiga goti lake. "Hapo nimeelewa. Nilijiuliza siku zote, adabu gani ile."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kioo kikiwa na joto, ukungu haukai. Niliomba kiwekwe juani wakati babu mdogo akiomba, joto la kutosha kuufuta kwenye jina la pili au la tatu, kwa mtu aliyekufa kabla ya uhuru, asiyekumbukwa na yeyote na asiyeweza kuumizwa na yeyote. Nilikuwa najisikia mwerevu. Nitalikumbuka hilo pia: katikati ya uchafu ule wote nilikuwa najisikia mwerevu.

Babu mdogo alipomaliza kuomba nikanyoosha mkono nipewe kioo. Mama mdogo alinipa kikiwa kinachuruzika maji, pamoja na kitambaa cheusi cha kukifunikia. Alikuwa amekiosha tena, kwa maji ya alfajiri aliyoyatunza mtungini, kama sehemu ya kumi na nne ilivyosema. Kilikuwa baridi kama tumbo la samaki.

Kusema sitaki tena kusingewezekana. Nilikifuta kwa shati, nikakishika mbele ya uso wa baba mdogo. Akavuta pumzi ndefu, mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote, akapumua. Kioo chote kikawa cheupe.

Babu mdogo alianza kutaja. Alitaja polepole, kila jina na sifa zake, ng'ombe zake, mahali alipozikwa. Jina la kwanza, weupe haukucheza. La pili, la tatu, kingo zikaanza kuwa safi. La nne alikuwa baba yake mwenyewe. La tano alikuwa babu yangu. Ukungu ulikuwa umebaki katikati, mkubwa kama kiganja cha mtoto, na haukuwa na haraka. La sita, na la mwisho kwa wafu, alikuwa baba.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliwahi kumfukuza mganga uani palepale kwa ufagio wa chooni. Alipokuwa anakufa alisema hataki kitu kingine juu yake isipokuwa sala ya kanisani na saruji. Jina la saba lilikuwa la shangazi.

Babu mdogo alitaja jina la baba, akasema alikuwa mwalimu, akasema alikuwa mbishi. Ukungu ulikuwepo. Niliuona. Akafungua kinywa kwa ajili ya jina linalofuata, na mimi nikakitupia kioo kile kitambaa cheusi.

"Umefutika," nilisema.

Baba mdogo akaanza kulia, mtu mzima, mabega yakitikisika. "Kaka," alisema. "Kaka, ananidai nini?"

Jibu halikunihitaji mimi. Walilitoa wenyewe, mmoja akianza, mwingine akimalizia: marehemu alizikwa bila chochote, hakupewa haki ya mizimu, amekasirika, na mguu wa ndugu yake ndio barua. Nilipachika langu kwa haraka, kabla mlango haujafungwa. Nikasema anataka pia mguu uende hospitali. Alikuwa mtu wa shule, anataka hospitali.

"Utakwenda," babu mdogo akasema. "Kwanza mbuzi."

Wakasimama wakipeana mikono. Wengine walikwenda kwenye mkeka wakamsalimia shangazi, shikamoo, shikamoo, kama watu waliokutana naye njiani. Mama peke yake hakusimama. Nilimwendea.

"Mama, ilikuwa lazima."

"Umemfanya mume wangu mchawi," alisema. Hakupandisha sauti. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili mbuzi alichinjwa juu ya kaburi la baba. Ni kaburi la saruji lenye msalaba aliouchora yeye mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. Damu ilishuka kwenye saruji, ikajaa kwenye herufi za jina lake. Nikiwa mtoto wa kwanza wa kiume nilipewa kibuyu cha unga wa ulezi uliokorogwa kwa maji, niujaze mdomoni na kumpulizia. Ulikuwa umechacha kidogo. Nilipuliza. Sehemu ilinirudi kidevuni, na babu mdogo akanisahihisha kwa upole, "Kwa nguvu, mwanangu, asikie." Nikapuliza kwa nguvu. Msalabani mabonge meupe yalining'inia kama makohozi, na waliokuwepo wakaitikia maombi, na mimi niliyaitikia pamoja nao kwa sababu nisingeitikia wangeanza kujiuliza.

Jumatatu baba mdogo alipelekwa hospitali ya mjini. Walimkata vidole viwili, wakampa dawa za sukari, kidonda kikaanza kufunga. Anayesifiwa ni kioo. Mama mdogo alinisimulia kwa furaha kwamba hata daktari alishangaa, jambo ambalo najua si kweli, maana nilikuwepo, na daktari alichosema ni, "Mlikuwa wapi muda wote huu?"

Siku niliyokuwa naondoka nilikwenda kumuaga shangazi. Nilikuta jikoni kwake pamejaa. Walikuwepo wanawake wa jirani, wale ambao kwa wiki nzima walichepuka njia kuepuka kivuli chake, na mama mdogo akiwa katikati yao. Wamekaa kwenye mbao, wanakula mapanki kwa mikono, mafuta yanawatiririka mpaka viwikoni, wananyonya vichwa, wanatema miba kwenye vumbi, wanacheka. Mmoja alimwambia shangazi, "Mama, yako hayana mpinzani, tulikuwa tumeyakosa." Akamwongezea.

Nilimvuta kando, nyuma ya rundo la kuni.

"Hawa walikuwa tayari kukuzika. Unawapaje chakula?"

"Nikiacha kuwapa, watasema nini?"

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, moshi ulikuwa mwingi.

"Ulifunika upesi," alisema. "Ukungu ulikuwepo bado. Nilikuwa nyuma yako."

"Najua."

"Alikuwa mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni." Aliangalia upande wa kaburi, halafu akaangalia kule kwa wageni wake, ambako mtu alikuwa anaita chumvi. "Kama mtaja majina angekuwa na haraka kidogo, sasa hivi ningekuwa nimelala pale karibu naye. Kwa hiyo usiniulize kama umefanya vizuri. Sitaki kuulizwa."

Akachukua kopo la chumvi akawapelekea. Mama mdogo aliniona, akanyanyuka huku akijilamba vidole, akanisogelea na kuniambia kuna dada yake wa Sengerema, ng'ombe wake wanakufa, na kama nikipata nafasi wiki ijayo kioo wanacho tayari, cha kwao wenyewe. Nilimwambia mimi si mganga, nilishika kioo tu. Akatabasamu, akanishika bega kwa mkono wenye mafuta.

"Tunajua," alisema. "Hata yule wa Usagara huwa anasema hivyo."